Mashine Zilikuja, Majarida Hayakuja

Mhadhara uliotolewa Mikocheni, Dar es Salaam

 

Nimeombwa nizungumzie majarida ya kompyuta za nyumbani: yalivyozaliwa, yalivyodumu na yalivyozimika. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana naamini habari hiyo inatuhusu sisi wa Dar es Salaam kuliko tunavyodhani. Kompyuta tumezipata, tena nyingi. Ambacho hatukukipata ni yale makaratasi yaliyokwenda nazo sambamba kwa wenzetu, na pengo hilo linaonekana hadi leo katika namna tunavyozitumia mashine hizi.

Nianze na runinga. Hapa Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo kando ya barabara tunayoiita ya Coca-Cola, ndiko iliko ITV, kituo kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1994. TVT ya serikali ilifuata mwaka 2000, nayo ikaweka makao Mikocheni. Vijana mliozaliwa baada ya hapo huenda hamjui kwamba Tanzania Bara iliishi zaidi ya miaka 30 ya uhuru bila kituo chake cha runinga, ilhali Zanzibar walikuwa nacho, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtaniuliza runinga inahusika vipi na kompyuta. Inahusika sana. Kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 kwa kawaida haikuuzwa na skrini yake. Sinclair ZX81, ZX Spectrum, Commodore 64, BBC Micro: zote zilikuwa kibodi iliyochomekwa nyuma ya runinga ya sebuleni, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti ileile ya kurekodia nyimbo. Nyumba isiyo na runinga isingeweza kufaidi kompyuta ya aina hiyo hata kama ingepewa bure.

Sisi tulizuiwa vyote viwili kwa amri moja. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na runinga. Aliyehitaji kompyuta kwa shughuli maalumu alipaswa kuomba kibali, na kibali hakikuwa cha mtu na familia yake.

Amri hiyo imesemwa vibaya sana, mara nyingi na watu ambao hawakuuliza ilitokana na nini. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine iliyoitwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza. Mwishoni mwa muongo huo Hazina ilijaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine. Jaribio likaenda mrama: taarifa zilizotoka hazikuaminika, wataalamu walikuwa wageni, na fedha za kigeni zilikwisha kutumika. Kisha likaja janga la bei ya mafuta la mwaka 1973, ukame ukaikamata nchi, tukawa tunanunua chakula nje. Katika hali hiyo kiongozi anayeangalia orodha ya bidhaa za kuagiza hawezi kuiweka mashine iliyomwangusha jana mbele ya mahindi. Mimi naielewa amri ile, na walioitunga walikuwa na hoja. Lakini kuielewa hakunizuii kutazama gharama yake, na gharama yake haikuwa mashine zenyewe. Za wakati ule zilikuwa kubwa kama kabati na hakuna nyumba ambayo ingenunua moja. Gharama ilikuwa miaka iliyofuata.

Maana mwaka huohuo wa 1974, huko New Jersey, Marekani, mtu mmoja aitwaye David Ahl alichapa toleo la kwanza la jarida lake, Creative Computing. Ahl alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya DEC, na mwaka 1973 alikuwa amekusanya michezo 101 iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo BASIC na kuitoa kama kitabu. Toleo la baadaye la kitabu hicho lilikuja kuuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Zingatieni tarehe. Jarida lilitangulia mashine. Altair 8800, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa kompyuta ya mtu binafsi, ilitangazwa kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975, na iliuzwa kama vipande vya kuunganisha mwenyewe kwa bei isiyofika dola 400. Ina maana mashine yenyewe iliingia duniani kupitia ukurasa wa jarida. Septemba ya mwaka huo likatoka Byte, lililotengenezwa katika mji mdogo wa Peterborough, New Hampshire, chini ya mhariri Carl Helmers. Januari 1976 likazaliwa Dr. Dobb's Journal huko California, likiwa na kazi moja ya kuanzia: kuchapa programu ya BASIC ndogo ambayo msomaji angeweza kuinakili na kuitumia bila kumlipa mtu.

Uingereza ilisubiri kidogo. Februari 1978 Angelo Zgorzelec alitoa Personal Computer World, na jalada la kwanza likawa na picha ya Nascom 1, kompyuta ya Kiingereza iliyouzwa kwa vipande vya kulehemu. Jarida hilo lilidumu miaka 31. Mwandishi wake wa habari, Guy Kewney, aliandika humo tangu siku za mwanzo, na wasomaji wengi walikuwa wakianza na kurasa zake kabla ya kugusa nyingine. Nimeyataja majina haya kwa sababu katika historia za kompyuta tunasomewa majina ya wenye viwanda, na wahariri wanaachwa nje kana kwamba mashine zilijifundisha zenyewe.

Sasa nieleze jarida la namna hii lilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye uzito, na vijana wengi hawajapata kuliona.

Ukilifungua, ungekuta habari, vipimo vya mashine mpya, matangazo mengi ajabu, na katikati kurasa zilizojaa mistari yenye namba: 10, 20, 30, hadi mia kadhaa na zaidi. Hizo ndizo programu. Hazikuja kwenye diski wala kwenye waya. Zilichapwa kwa wino. Msomaji alikaa mbele ya runinga, jarida likiwa gotini, akaandika mstari mmoja baada ya mwingine kwa vidole vyake. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, wakati mwingine ya siku kadhaa. Akimaliza anaandika RUN, na mashine inamjibu kwamba kuna kosa kwenye mstari fulani. Nukta imekosekana, herufi O imechukua nafasi ya sifuri. Anarudi kwenye ukurasa, anatafuta. Katika kutafuta huko anaanza kuelewa kwa nini mstari wa 140 unairudisha kazi kwenye mstari wa 60, na ni nini kitatokea akibadilisha tarakimu moja. Anaibadilisha. Mchezo unakuwa mgumu zaidi, au rangi inageuka. Tangu hapo hawi tena mtu anayenakili.

Mhariri mwerevu aliliona hilo akalitumia. Jarida la Compute!'s Gazette, lililoandikwa kwa ajili ya wenye mashine za Commodore, lilichapa mwaka 1983 kijiprogramu kilichomwonyesha msomaji alama ya ukaguzi kwa kila mstari aliouandika, ili ailinganishe na ile iliyochapwa pembeni mwa ukurasa. Januari 1984 jarida hilohilo likachapa SpeedScript, programu kamili ya kuandikia barua na vitabu, ikiwa kurasa za tarakimu tupu. Watu walikaa wakazipiga tarakimu zile moja moja, wakajikuta wana chombo cha uandishi ambacho madukani kilikuwa na bei kubwa, nao wamekipata kwa bei ya jarida. Byte lilijaribu kuchapa programu kwa mistari myeusi ya kusomwa na kifaa, kama ile tunayoiona leo kwenye pakiti za sabuni. Interface Age la Mei 1977 lilibandika ndani yake santuri nyembamba ya plastiki: ukiipiga kwenye gramafoni, sauti yake ni programu. Nchini Uholanzi, redio ya NOS katika kipindi chake cha Hobbyscoop ilirusha programu hewani kwa mlio, na msikilizaji akazirekodi kwenye kaseti na kuziingiza kwenye kompyuta yake.

Hapo nasimama kidogo kila ninapofika. Redio na kaseti! Vitu hivyo sisi tulikuwa navyo. Dar es Salaam palikuwa na kiwanda cha Matsushita kilichounganisha redio za National na kutengeneza betri zake. Redio kaseti ilikuwa fahari ya nyumba katika miaka ya 1980. Redio Tanzania ilisikika mahali ambapo barabara haikufika. Vyombo vya kusambazia vilikuwapo. Kilichokosekana ni mashine ya kupokea upande wa pili.

Kulikuwa na jambo jingine katika majarida haya ambalo naliona kubwa kuliko programu zenyewe. Toleo la mwezi uliofuata lilikuwa na barua. Msomaji wa mji usiojulikana anaandika kwamba mstari wa 320 wa mwezi jana una kosa, na huu hapa ulio sahihi. Mwingine anasema programu ile ameifupisha nusu. Mwingine anatuma ya kwake, mhariri anaichapa na kumlipa kiasi kidogo, na kijana wa shule anaona jina lake kwenye jarida linalosomwa nchi nzima. Waandishi wa jarida walipatikana miongoni mwa wasomaji wake. Mvulana mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alianzia kwenye Commodore VIC-20 ya babu yake katika miaka hiyohiyo ya kunakili mistari ya BASIC. Mwaka 1991 alitangaza mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, Linux, na kuwaalika watu asiowajua wausahihishe. Tabia ya kumwonyesha jirani kazi yako akutafutie kosa ilikuwa imekwisha kuzoeleka kwa watu wa kizazi chake, na majarida yalikuwa na sehemu kubwa katika kuizoesha.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1982 BBC ilianzisha mpango wa kufundisha taifa zima kompyuta. Vipindi vya runinga, kitabu cha kufuatisha, madarasa ya jioni, na mashine yenye jina la BBC iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn. Walidhani watauza mashine elfu kumi na mbili. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Mpango huo husifiwa hadi leo katika vitabu kama jambo la kipekee: utangazaji, maandishi na vitendo vikishikana mikono.

Ndugu zangu, jambo hilo Tanzania ilikuwa imelifanya miaka tisa kabla.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Wazee waliomo humu wanaikumbuka. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi, wiki baada ya wiki, kuzunguka redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu kilichochapwa kwa herufi kubwa na picha. Kipindi kinasikilizwa, sura inasomwa kwa sauti kwa faida ya wale ambao bado hawajui kusoma, wanajadiliana, kisha wanainuka kwenda kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Kabla yake kulikuwa na "Kupanga ni Kuchagua" ya mwaka 1969, "Uchaguzi ni Wako" na "Wakati wa Furaha". Baada yake, mwaka 1975, ilikuja "Chakula ni Uhai". Katika Kanda ya Ziwa gazeti la Elimu Haina Mwisho liliandikwa kwa ajili ya watu waliotoka kujifunza kusoma jana. Na jarida la Ukulima wa Kisasa lilikuwa likitoka tangu miaka ya 1950, likimweleza mkulima nafasi kati ya shina na shina, na kipimo cha dawa ya pamba.

Kwa hiyo nakataa kabisa ile kauli kwamba Waswahili hatuna utamaduni wa majarida ya kujifunzia kazi. Tulikuwa nao, tena imara. Maandishi rahisi, redio, kikundi, na mikono: vyote vinne tulivijua kabla BBC haijaagiza mashine yake ya kwanza. Mtu aliyeweza kueleza kwa Kiswahili namna ya kuchimba choo cha shimo hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo mtu wa Sengerema na mtu wa Newala wote wanaielewa, angeweza kueleza namna ya kuandika programu ya kupanga hesabu za duka la ushirika. Stadi ni ileile. Haikupata nafasi ya kukutana na mashine.

Na mashine zilipofika zilipita mlango mwingine.

Vibali vilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta ndogo zilikuwa zimeingia wizarani, kwenye mashirika ya umma na hasa kwenye ofisi za miradi ya wafadhili. Wengi wetu tuliiona ya kwanza ikiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, imefunikwa kitambaa, na mlangoni tumevua viatu. Ilikuwa mali ya mradi. Aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa karani aliyepelekwa kozi. Kuna heshima katika kuvua viatu, lakini hakuna mtoto aliyejifunza kutengeneza kitu kwa kukiogopa. Kule Uingereza mwaka 1981, ZX81 yenye kumbukumbu ya kilobaiti moja iliuzwa kwa chini ya pauni 70, na kwa pauni 50 hivi kama ungeiunganisha mwenyewe. Mtoto aliiharibu, akaitengeneza, akaiharibu tena, na hakuna mkaguzi aliyemuuliza.

Mimi nililiona jarida la kwanza la aina hii mikononi mwa mtu aliyerudi masomoni Uingereza. Lilikuwa limekunjwa na kulainika kwa kushikwa. Tulilisoma kama mtu anavyosoma ramani ya nchi asiyotarajia kufika: programu nzima, mstari kwa mstari, tukifuatisha kwa penseli kwenye daftari thamani ya kila herufi inavyobadilika, maana kompyuta ya kuipimia haikuwapo. Nasema bila kusita kwamba zile kurasa zilinifundisha zaidi ya kozi niliyokuja kuisoma baadaye.

Kozi za aina hiyo nazo zina historia yao. Katika miaka ya 1990, na zaidi baada ya kodi na vikwazo kupungua, mji ulijaa vyuo vya kompyuta, kila mtaa na bango lake. Mwanafunzi alilipa ada, akafundishwa Windows, Word, Excel, pengine na kuchapa kwa vidole kumi, akapewa cheti. Vyuo hivyo vimewapa watu ajira na sivibezi. Ila tazameni kilichofundishwa: mahali pa kubofya. Ukitoka hapo unaijua mashine kama abiria anavyoijua njia ya daladala. Kituo anakifahamu, usukani hajaushika. Hakukuwa na ukurasa wa mwezi ujao, hakukuwa na barua, wala hakukuwa na mahali ambapo kijana wa Tandika angeandika kwamba amegundua njia fupi zaidi na akachapwa. Elimu iliishia kwenye cheti.

Walikuwapo waliojitahidi kuligeuza jambo hili. Muhimbili ilikuwa na HealthNet, iliyowapa madaktari barua pepe kabla mji haujajua intaneti ni nini. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux. Nilifurahi sana siku niliposikia. Hapo palikuwa na programu huria, ambazo mtu yeyote angeruhusiwa kuzifungua na kuona zimeandikwaje, na menyu zake ni za lugha yetu. Lakini nakala ilitolewa bila jarida la kuifuata mwezi kwa mwezi mtaani, na programu isiyo na wasomaji wanaoiandikia barua huzeeka haraka. Vijana wa Kinondoni walioweza kuifungua na kuiongezea kitu hawakupata ukurasa wa kuambiana.

Mwaka 2009 ni wa kukumbukwa. Mwezi Juni ilitangazwa kuwa Personal Computer World linafungwa. Mwezi Julai mkongo wa SEACOM, waya wa kupita chini ya bahari, ulianza kazi na Dar es Salaam ikaunganishwa moja kwa moja na dunia. Tuliingia sebuleni wenyeji wakiwa wanatoka. Byte lilikuwa limekwisha kufa tangu Julai 1998, na Creative Computing tangu 1985. Sababu zinajulikana. Matangazo yaliyolipia karatasi yalihamia kwenye intaneti. Mashine zenyewe zilikuwa zimefungwa: hakuna tena mstari wa 10 unaokusubiri ukiwasha, kuna picha ndogondogo za kubofya. Majarida yaliyobaki yakageuka miongozo ya kununulia, na msomaji akageuka mnunuzi. Mnunuzi hana haja ya kurudi mwezi ujao akishanunua.

Hata hivyo si yote yaliyokufa. Ujerumani, jarida la c't lililoanza mwaka 1983 mjini Hannover bado linatoka, kwa kuwa halikuacha kuwaeleza wasomaji mambo yanavyofanya kazi kwa ndani. Na mwaka 2012 Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyobuniwa Cambridge kwa ajili ya wanafunzi, ilipotoka, watu wa kujitolea walianzisha jarida lake, The MagPi, lenye programu za kunakili kwa mkono kama zamani. Toleo lake la Desemba 2015 lilibandikwa kompyuta nzima kwenye jalada: Raspberry Pi Zero, ambayo bei yake ilikuwa dola 5. Miaka arobaini baada ya mashine kutangazwa kwenye jalada la jarida, mashine yenyewe ikawa imekaa juu ya jalada.

Sasa turudi mjini kwetu, maana najua mtaniambia vijana wa leo wana simu na kila kitu kimo humo. Nendeni Kariakoo, kwenye meza za mafundi simu. Kijana ana hadubini, kifaa cha hewa moto cha kulehemu, mita, na simu iliyofunguliwa mbele yake. Anajua mfumo wa chaji wa kila aina ya simu unapitia wapi. Anajua softwea ipi inaflashi simu ipi na ipi itaiua. Amejifunza kwa kukaa pembeni ya fundi mwingine miezi, akimwangalia mikono. Hawa ndio warithi halisi wa wale waliounganisha Nascom mezani, na wapo Temeke, wapo Manzese, wapo Mwenge. Nchi hii ina maelfu ya watu wanaoelewa vifaa vya elektroniki kwa ndani kuliko wengi wenye shahada.

Maarifa yao lakini yanakaa kichwani na kwenye makundi ya simu. Swali linaulizwa usiku, linajibiwa, asubuhi limesukumwa juu na salamu na matangazo ya mitumba, na baada ya mwezi hakuna anayeweza kulipata. Fundi akihama mji, kijiwe kinaanza upya. Mtu anayetaka kujua leo kijana wa London alijifunza nini kuhusu kompyuta mwezi Machi 1983, anaingia maktaba, anafungua toleo la mwezi huo. Anayetaka kujua fundi wa Kariakoo alijua nini mwaka 2003, wakati wa zile simu za Nokia na Siemens, hana pa kuanzia. Tumekuwa na zaidi ya miaka ishirini ya ubunifu mkubwa, na karibu hakuna ukurasa wake hata mmoja kwenye rafu ya Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Hilo linaniuma.

Ndiyo maana naleta pendekezo, na naomba mlichukulie kwa uzito wake. Jarida la Kiswahili la mafundi na wanafunzi, la karatasi, la bei ya kumudu, likitoka kila miezi mitatu. Karatasi kwa sababu haihitaji bando, haifutiki, na inapita mikononi mwa watu wengi. Shirika la Femina limekuwa likipeleka jarida la vijana kwenye shule za sekondari tangu mwaka 1999, likisomwa kwa vikundi na kuwa na klabu zake, kwa hiyo njia ya kulifikisha inajulikana. Redio za jamii zipo, na vipindi vinaweza kwenda sambamba na kurasa kama ilivyokuwa mwaka 1973.

Toleo la kwanza ningelipanga hivi. Kurasa nne za fundi wa simu akieleza, kwa picha, anavyotafuta njia ya umeme iliyokatika kwenye bodi. Programu moja ya mistari isiyozidi hamsini ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuinakili kwenye simu ya kawaida ya Android, ikafanya kazi yenye maana: kupiga hesabu za kikoba, nani kaleta hisa, nani anadaiwa, na riba ni kiasi gani. Mchoro wa kuunganisha sola ndogo na betri ya kuchajia simu kijijini. Mazungumzo marefu na mmoja wa wale waliofanya kazi kwenye vyumba vya mashine kubwa wizarani, maana wamebaki wachache na maneno yao hayajaandikwa. Waandishi walipwe, hata kama ni kidogo. Lugha isahihishwe na mtu aliyefundisha elimu ya watu wazima, si na mtu wa matangazo. Nakala za kila toleo zipelekwe Maktaba Kuu siku ileile linapotoka. Na kuanzia toleo la pili ukurasa mzima uachiwe masahihisho: msomaji wa Mbagala akituandikia kwamba kwenye mchoro wa sola nyaya za chanya na hasi tulizigeuza, jina lake lichapwe juu ya ukurasa, na mchoro uchorwe upya kama alivyosema.